Moyo mmoja unasema kula, mwingine unakataa: jinsi ya kupatana na chakula na mwili wako

Mtu husema "moyo mmoja unaniambia nile, moyo mwingine unaniambia niache." Husema "roho inanituma." Akishakula, husema "nafsi inanisuta." Hapo wametajwa watatu ndani ya mtu mmoja: anayetaka, anayezuia na anayesuta. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuketi na kila mmoja wao na kumuuliza kazi yake. Umeandikwa kwa mtu mzima ambaye chakula kimekuwa ugomvi wa kila siku. Anajinyima siku tatu, siku ya nne anakula mpaka tumbo linauma. Au hawezi kupita mbele ya kioo bila kujitukana, au anafika harusini akiwa ameshapiga hesabu ya kila tonge.

Njia yenyewe ilitengenezwa Marekani. Mapema miaka ya 1980 Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia mjini Chicago, alikuwa akiwahudumia watu wenye bulimia, yaani kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Alirekebisha mahusiano yao na wazazi, lakini kula na kutapika hakukukoma. Alipowauliza ndani mwao kunatokea nini, wakamsimulia sauti zinazobishana. Akaanza kuzisikiliza sauti hizo kama alivyokuwa akisikiliza familia iliyoketi sebuleni. Njia hiyo leo inaitwa Mfumo wa Familia ya Ndani, kwa Kiingereza Internal Family Systems, kwa kifupi IFS.

Ushahidi wa njia hii kwa matatizo ya ulaji bado ni mdogo ukilinganisha na tiba ya kubadili mawazo na tabia. Kwa kijana anayejinyima chakula, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ile inayowapa wazazi usimamizi wa milo yake kwa muda. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na minne asiachiwe daftari na mwongozo huu akae nao peke yake. Mpelekeni hospitali, mkae naye mezani.

Kwanza, je, hili ni la kufanyia nyumbani?

Madaktari wa Uingereza walichapisha mwaka 1999 maswali matano mafupi ambayo bado yanatumika. Je, huwa unajitapisha kwa kuwa umeshiba kupita kiasi? Unahofia kwamba umeshindwa kujizuia unapokula? Umepungua zaidi ya kilo sita hivi ndani ya miezi mitatu? Unajiona mnene wakati wengine wanakuona umekonda? Unaweza kusema chakula kimetawala maisha yako? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kukupeleka kwa daktari. Hayathibitishi ugonjwa, yanaonyesha kwamba unahitaji kuchunguzwa.

Yapo mambo yasiyosubiri zoezi lolote: kuzimia, moyo kwenda mbio au kuruka mapigo, kutapika damu, miguu kuvimba ghafla, kutaka kujiua, au kupunguza dozi ya insulini ili upungue uzito. Anayejitapisha mara kwa mara hupoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kusimama hata kwa mtu anayeonekana mzima, mnene au mwembamba. Mwombe daktari akupime damu na kipimo cha umeme wa moyo, na umwambie wazi kwamba unajitapisha. Usipomwambia hatajua cha kutafuta.

Hatari nyingine haifahamiki sana mitaani. Mtu aliyekaa zaidi ya siku tano bila kula, au akila kidogo mno, hapaswi kurudia chakula kwa sinia zima la pilau. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga mwingi ghafla huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu, na madini hayo yakishuka yanaweza kuua. Kurudi kwenye chakula baada ya njaa ndefu kunahitaji hospitali na vipimo.

La mwisho katika sehemu hii: sauti tunazozizungumzia ni mawazo na hisia zako mwenyewe, zile unazozitambua kuwa zinatoka ndani yako. Si majini wala mapepo, na kuzisikiliza hakupingani na dua au sala. Lakini ukisikia sauti kwa masikio, kama mtu aliye nje anakuamrisha, acha mazoezi haya na umwone daktari wa magonjwa ya akili. Huo ni mlango mwingine kabisa.

Lisha tumbo kabla ya kuzungumza na moyo

Wengi hukosea hapa. Wanafungua daftari, wanafumba macho, wanauliza "kwa nini nakula sana usiku?" huku tangu asubuhi wamekunywa chai ya rangi tu. Jibu halihitaji tafakuri: wana njaa.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwafuatilia wanaume 36 wenye afya waliojitolea kupunguziwa chakula kwa wiki 24. Walipewa takriban kalori 1,570 kwa siku. Wapo wanaojipangia kiasi hicho leo, au pungufu, na kukiita mpango mzuri wa kupungua. Wanaume wale walianza kulamba sahani, kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kununa na kujitenga. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na wengine walisema hawashibi hata tumbo likiwa limejaa. Hawakuwa walafi walipoingia. Njaa ndiyo iliyowafanya vile. Kwa hiyo neno "ulafi" liweke kando kwa muda, mpaka uwe umeuondolea mwili wako njaa.

Kwa siku kumi na nne za mwanzo kazi yako ni kula kwa saa: milo mitatu na vitafunwa viwili, bila kupitisha saa nne kati ya mlo na mlo. Saa moja asubuhi, chai ya maziwa, yai na chapati moja au maandazi mawili. Saa nne, ndizi mbivu na konzi ya karanga. Saa saba, ugali au wali, maharage au samaki, mboga za majani, na mafuta yawemo kwenye mboga. Saa kumi, kiazi kitamu au kipande cha muhogo na chai. Saa moja na nusu usiku, chakula cha jioni kamili kama cha mchana. Kula kwa saa hata kama hamu haipo, kwa sababu mtu aliyejinyima muda mrefu njaa yake haisemi kweli: hunyamaza mchana na kupiga kelele usiku.

Wiki ya kwanza tumbo litajaa gesi na utajiona umevimba. Tumbo lililozoea chakula kidogo humwaga polepole, na hali hiyo hupungua kadiri unavyoendelea kula. Mizani iweke mbali. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa maji tu, kutegemea chumvi ya jana, hedhi, hata choo, na kila namba mpya humpa yule anayezuia sababu ya kurudi kazini. Kama ni lazima upimwe, upimwe kliniki.

Anayetumia sanamaki au "chai ya kupunguza tumbo" ajue kwamba dawa hizi hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa sehemu kubwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na madini. Namba ya mizani hushuka, halafu hurudi ukinywa maji. Kama umezitumia kila siku kwa muda mrefu, usiache bila kumwona daktari, kwa kuwa unaweza kuvimba na kufunga choo, na hofu ikakurudisha kwenye dawa.

Wanaoishi ndani ya nyumba

Jione kama nyumba yenye vyumba vingi, na wewe ndiye mwenye nyumba. Kuhusu chakula, wakazi huwa wa aina tatu.

Wa kwanza ni wasimamizi. Hawa hufanya kazi kabla ya jambo kutokea: wanahesabu, wanapima, wanalinganisha, wanapanga. Utawajua kwa maneno yao. "Leo umekula wali, kesho ni maji tu." "Nguo ya sare hiyo haitakuingia." "Kaa nyuma wasikuone kwenye picha." Ni wakali, lakini lengo lao ni moja: usiaibike.

Wa pili ni wazimamoto. Hawa huja baada ya moto kuwaka, yaani baada ya maumivu kupenya. Umetoka ukumbini ambako mtu amekwambia "jamani, umenenepa!" mbele ya watu, umefika nyumbani, na dakika kumi baadaye umesimama jikoni unakula mabaki moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Huyo ni zimamoto. Hajali kesho, anataka moto uzimike sasa. Kula mpaka ganzi, kutapika na kufanya mazoezi mpaka kuanguka kunaweza kuwa kazi ya zimamoto.

Wa tatu ni waliofichwa, na mara nyingi ni wadogo kwa umri. Mtoto aliyeitwa "kibonge" darasani mpaka jina lake likasahaulika. Msichana aliyeanza kuota matiti na shangazi wakamchungulia na kucheka. Mtoto wa nyumba iliyolala njaa, ambaye bado haamini kwamba kesho kutakuwa na chakula. Mtu mzima aliyekonda kwa kufiwa, majirani wakanong'ona kwamba "ameukwaa." Aibu hii ya mwisho ina historia katika Afrika Mashariki. Ukimwi ulipojulikana Uganda miaka ya 1980, watu waliuita Slim, kwa jina la kukonda kwenyewe. Ndiyo maana kwetu mtu anaweza kuumizwa na "umenenepa" na pia na "umekonda, unaumwa?", na anayetafuta tiba hana budi kuangalia pande zote mbili.

Sasa tazama mzunguko. Msimamizi anabana. Njaa na aibu vinapanda. Zimamoto anavunja mlango. Asubuhi msimamizi anarudi na adhabu kali zaidi, na zimamoto, akiiona adhabu hiyo, anajiandaa upya. Kila mmoja anamwogopa mwenzake na hakuna anayeweza kuacha wa kwanza. Ndiyo sababu nadhiri ya "kesho naanza upya" haidumu. Ni nadhiri ya upande mmoja tu, na upande wa pili haukuulizwa.

Mazungumzo yenyewe

Tenga dakika ishirini, mara tatu kwa wiki. Fanya kama nusu saa baada ya kula, usifanye ukiwa na njaa, usifanye usiku wa manane, wala wakati hamu imeshawaka. Kaa ukiwa umevaa nguo isiyobana, miguu imegusa sakafu. Uwe na daftari na kalamu. Simu iwe chumba kingine.

Chagua tukio moja la wiki hii. Moja tu, na dogo: mara ulipoficha chapati ya pili, au ulipobadilisha nguo mara nne kabla ya kutoka. Jiulize nani alikuwa ameshika usukani. Kama ni mara yako ya kwanza, anza na msimamizi, usianze na zimamoto. Msimamizi ndiye bawabu. Ukimruka atakulipiza siku ileile kwa kukunyima chakula, na utadhani zoezi limekudhuru.

Kisha mtafute mwilini. Meno yamebanana? Koo limekaza? Kuna kitu kama jiwe chini ya kifua? Weka kiganja hapo. Wengine huona sura, kama mwalimu wa nidhamu mwenye fimbo, mama wa sokoni au askari. Wengine hawaoni chochote ila wanahisi uzito au joto. Vyote vinatosha. Andika mstari mmoja wa kumweleza, umpe jina la muda utakalomtambulia.

Halafu jiulize swali ambalo kazi yote imeliegemea: unamwonaje? Unahisi nini juu yake? Jibu kwa ukweli. Ukijibu "namchukia, ameniharibia maisha," basi anayejibu si mwenye nyumba. Ni mkazi mwingine, aliyechoshwa na yule wa kwanza. Mwambie: "Nimekusikia, una haki ya kuchoka. Naomba usogee kidogo niongee naye, utakaa hapo ukitazama." Subiri. Uliza tena: sasa unamwonaje? Ukipata hata robo ya udadisi, "nataka kujua kwa nini anafanya hivi," endelea. Usipopata, mazungumzo ya leo ni na yule aliyechukia. Mwulize yeye amechoshwa na nini, andika, funga daftari. Si kushindwa huko. Watu wengi hukaa hapo wiki mbili au tatu.

Ukiwa na udadisi, muulize msimamizi haya, moja moja, ukisubiri jibu litokee badala ya kulitunga: Kazi yako ni ipi? Uliianza lini? Nani alikupa? Unaipenda? Unadhani mimi nina umri gani sasa? Swali hili la mwisho huleta majibu ya kushangaza. Mara nyingi mlinzi anaamini bado anamlinda mtoto wa miaka tisa, hajui kwamba umeshakuwa mtu mzima mwenye kazi na watoto. Mwonyeshe maisha yako ya sasa: chumba ulichomo, mikono yako ilivyo, ufunguo wa nyumba yako.

Mwisho uliza hofu: "Ukiacha kazi hii siku moja tu, unaogopa nini kitatokea?" Andika jibu neno kwa neno. Mara nyingi litakuwa moja kati ya mawili. Ama anaogopa zimamoto atakula bila kukoma, ama anaogopa watu watakucheka na aibu ile ya zamani itarudi. Jibu la kwanza linakuonyesha adui yake, la pili linakuonyesha nani amefichwa nyuma yake.

Kwenye daftari mazungumzo yanaweza kuonekana hivi:

*Mwenye nyumba: Jana ulisema nisile jioni. Kwa nini?*
*Msimamizi: Kwa sababu huna adabu na chakula. Nikikuachia dakika moja unamaliza mkate mzima.*
*Mwenye nyumba: Unaogopa nini mkate ukiisha?*
*Msimamizi: Jumamosi kuna kikao cha harusi. Watasema.*
*Mwenye nyumba: Wakisema?*
*Msimamizi: Utalia chooni kama siku ile. Sitaki ulie tena.*

Angalia mstari wa mwisho. Sauti iliyokuwa ikitukana imegeuka kuwa sauti inayolinda. Hakuna aliyeilazimisha, imeulizwa tu. Simama hapo. Mshukuru, kisha mpe ahadi moja ndogo inayotimizika, kwa mfano: "Jumamosi nitakaa karibu na dada yangu, na nikizidiwa nitatoka nje dakika tano. Wewe niachie chakula cha jioni leo." Ahadi hiyo uitimize. Ukivunja ahadi kwa mlinzi, kikao kijacho hatafungua mlango, na atakuwa na haki.

Zimamoto unazungumza naye kwa njia ileile baada ya wiki kadhaa, msimamizi akiwa ameridhia. Muulize alikuwa anazima moto gani. Usimwombe aache kula. Muulize angependa kufanya nini kama moto usingekuwepo.

Kwa waliofichwa, usiende peke yako. Hapo panahitaji mtaalamu. Yeye atakusaidia kumsikiliza mtoto yule mpaka ahisi amesikilizwa, kumtoa mahali alipokwama, na kumtua mzigo aliobeba, mara nyingi kwa taswira ya kuutupa mtoni, kuuchoma au kuuachia upepo. Akijitokeza ukiwa peke yako, mwambie tu: "Nimekuona. Sitakusahau. Nitarudi na mtu wa kutusaidia."

Yanayoharibika, na sababu zake

Kosa la mara kwa mara ni msimamizi kujivika sura ya mwenye nyumba. Unadhani unasikiliza kwa utulivu, kumbe ndani kuna lengo: "nikimaliza mazoezi haya nitapungua." Dalili zake ni haraka, hesabu ya kilo, na hamu ya kupata alama nzuri. Ukiona hivyo, huyo ndiye wa kuzungumza naye leo.

Wengine hufumba macho wakapata usingizi, ukungu au utupu mtupu. Huo nao ni mlinzi. Mshukuru kwa kufunga mlango, muulize anaogopa nini ukifunguka, usisukume. Wengine hufurika: machozi hayakatiki, mikono inatetemeka, chumba kinaonekana kiko mbali. Fumbua macho, kanyaga sakafu kwa nguvu, nawa uso kwa maji ya baridi, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona. Zoezi limekwisha kwa siku hiyo. Ukifurika mara mbili mfululizo, usiendelee bila mtaalamu.

Na usichimbe kumbukumbu. Akilini huja picha ambazo hazikutokea kama zinavyoonekana, hasa mtu akiulizwa maswali yanayomwelekeza. Chukua kinachokuja kama lugha ya hisia, usiende kumtuhumu mtu kwa picha iliyokujia ukiwa umefumba macho. Mtaalamu anayekwambia "lazima ulifanyiwa jambo ukiwa mdogo, umesahau tu" muage na usirudi.

Hamu ikiwa imeshawaka

Hapa hakuna nafasi ya maswali marefu. Sema, kwa sauti kama uko peke yako: "Nakusikia. Nipe dakika kumi. Zikiisha na bado unataka, tutakula tumekaa, kwenye sahani." Katika dakika hizo fanya jambo moja tu, kama kuchota maji, kukunja nguo au kutoka mlangoni. Zikiisha, timiza neno lako. Pakua, kaa, kula. Kula umeketi kwenye sahani, hata ikiwa ni kingi, ni tofauti na kula umesimama gizani, kwa sababu wewe mwenyewe umekuwepo. Ukitumia dakika kumi kama ujanja wa kunyima, zimamoto ataugundua ujanja huo mara ya pili tu.

Ikiwa umetapika, sukutua kwa maji, usipige mswaki kwa angalau nusu saa, kwa kuwa tindikali imelainisha meno na mswaki utayakwangua. Kunywa maji kidogo kidogo, na usiruke mlo unaofuata.

Mwili

Kioo si mahali pa kuanzia. Anza na mafuta ya kujipaka baada ya kuoga, kwa dakika tatu. Anza na miguu, ukitaja kazi yake, wala si sura yake: imenipeleka stendi, imepanda ngazi za ghorofa ya tatu. Kisha mikono, shingo, mgongo unapofikia. Sehemu unayoichukia zaidi, mara nyingi tumbo au mapaja, iache ya mwisho, na kama kuna sauti inakataa kuigusa, iheshimu, jaribu tena wiki ijayo.

Nguo inayobana inamwamsha msimamizi kila unapokaa. Peleka kwa fundi aachie mshono, na zisizoachika zitoe. Nguo ya "nitakapopungua" iliyoning'inia kabatini ni karipio la kila asubuhi, na haina faida yoyote.

Kuhusu maneno ya watu, jua kwamba kwa wengi "umenenepa" ni salamu au sifa: wanamaanisha maisha yamekunyookea. Lakini hilo haliondoi maumivu, hivyo andaa sentensi kabla ya kutoka nyumbani. Kwa shangazi au mama mkwe: "Nashukuru Mungu mama, nipo mzima. Habari za safari?" Unajibu, kisha unageuza mazungumzo kwa heshima. Anayekujazia sahani mara ya tatu mwambie: "Mkono wako mtamu mama, nimeshiba, nitafungashiwa." Kwa rafiki wa karibu unaweza kuwa wazi zaidi: "Naomba tusizungumzie mwili wangu, nauguza jambo."

Ramadhani na Kwaresma zinahitaji uangalifu. Msimamizi hupenda kujificha ndani ya ibada, kwa sababu huko hakuna atakayemuuliza kwa nini hali. Kwa Mwislamu, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, kwa aya ya 184 ya Suratul Baqara. Zungumza na daktari na sheikh wako kabla ya mwezi kuandama, si siku ya kumi. Ukiwa umeruhusiwa kufunga, daku usiiruke, na futari ianze kwa tende na uji, upumzike dakika ishirini, ndipo vifuate viazi, tambi na vingine.

Kumpata wa kukusaidia

Tanzania unaweza kuanzia kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, Muhimbili jijini Dar es Salaam, au Mirembe, Dodoma. Nairobi ipo hospitali ya Mathari. Usitarajie kila mshauri awe amesomea njia hii, na si lazima. Muulize mambo matatu: ameshahudumia mtu mwenye tatizo la ulaji? Atashirikiana na daktari wa kupima damu na moyo? Anaonaje suala la uzito? Akianza kwa kukupangia chakula cha kupungua, tafuta mwingine. Mpe daftari lako asome kurasa mbili tatu, litampunguzia kazi ya mwezi mzima.

Usipime maendeleo kwa kilo. Pima kwa muda. Zamani neno la mtu lilikupeleka jikoni ndani ya dakika kumi, sasa limekupeleka baada ya saa mbili, na siku nyingine hukwenda. Umebakiza tonge kwenye sahani bila ubishi, au umelimaliza bila ubishi. Msimamizi amesema, ukamsikia, ukala.

Na siku utakayoanguka, kwa kuwa huenda ikaja, hata mwezi wa tatu, andika mistari mitatu tu: nini kilitokea kabla, nani alishika usukani, alikuwa anazima nini. Usiongeze adhabu, usifidie kwa kufunga. Kama umeanguka saa tano usiku, chai, yai na chapati vinabaki palepale, saa moja asubuhi.